Kitanda cha Chumba Namba Nne

Mama alikataa kukaa.

Alisimama katikati ya mapokezi, mkoba kwapani, viatu vimejaa mchanga, akikagua dari kama mtu aliyeambiwa nyumba hii inavuja na sasa anatafuta ushahidi. Saa mbili za ndege na saa nne za basi hazikumtoa kwenye msimamo wake. Alikuja kuona, si kupumzika. Alilisema hilo nyumbani, akalisema uwanja wa ndege, akamwambia hata abiria wa kiti cha jirani ambaye hakuwa ameuliza kitu.

"Kwa hiyo hii ndiyo hoteli," alisema.

"Ndiyo hii, Mama," Fundi alijibu. "Shikamoo."

"Marahaba. Si ulishaniamkia kule kituoni?"

"Nimechanganyikiwa kidogo."

"Naona."

Dada Shuka aliuma mdomo asicheke. Kazini ndivyo walivyomwita, Dada Shuka, kwa sababu hakuna shuka lililopita mbele yake likiwa na mkunjo, na jina likamganda mpaka nyumbani. Miezi kumi na minne hakuwa amemwona mwanamume huyu ila kwenye kioo cha simu, ambako alikuwa pua kubwa na kipande cha paji la uso. Sasa alikuwa mbele yake mzima mzima, mweusi zaidi kwa jua, amekonda kidogo, shati limepigwa pasi upande mmoja tu. Alipompokea begi kituoni, vidole vyao viligusana kwenye mkanda, na yeye, mwanamke wa miaka thelathini na moja, aliyekwisha kuolewa na kuachika, akasikia masikio yanamwaka kama msichana wa shule.

Mama alikuwa amekisogelea kibao kilichopigiliwa juu ya meza. Akakisoma kwa sauti.

"'Idadi ya juu: wageni kumi na wanane.'" Akageuka. "Na wa kumi na tisa akiingia, inaanguka?"

"Hapana, Mama. Ni mazoea tu. Nimetengeneza lifti miaka kumi na mmoja. Kila lifti ina kibao."

"Na hapa pana ghorofa ngapi?"

Fundi alijikuna shingo. "Hapana ghorofa, Mama. Ni hapa hapa chini."

Mama alimtupia binti yake jicho moja refu. Halikuhitaji maneno.

Dada Shuka na Fundi walikutana kwenye lifti, katika hoteli kubwa ya mjini kwao yenye ghorofa ishirini na mbili, ambako yeye alisimamia vyumba na Fundi alisimamia mitambo. Lifti ya wafanyakazi ilikwama kati ya ghorofa ya kumi na ya kumi na moja, Dada Shuka yumo ndani na toroli la taulo. Fundi alipofanikiwa kuufungua mlango, alitegemea kukuta mtu analia. Alimkuta amekaa sakafuni anakunja taulo, amefika ya arobaini. "Umechelewa," Dada Shuka alimwambia, "zimebaki sita." Tangu siku hiyo lifti ile ilikuwa ikikaguliwa kuliko lifti yoyote mjini, na daima saa ambazo toroli la taulo lilikuwa njiani.

Miaka miwili wakawa hivyo. Kisha shangazi yake Fundi, aliyeolewa nchi hii ya ng'ambo zamani, akaona magoti yamemshinda, akampa mpwa wake funguo za hoteli yake ndogo ya ufukweni, vyumba tisa, akaenda kuishi na binti yake. Jioni moja kwenye mlango wa wafanyakazi Fundi alisema, "Naenda."

Hakusema "twende."

Hilo neno lisilosemwa ndilo Dada Shuka alilokaa nalo miezi yote hiyo kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Simu zilikuja kila jioni, ujumbe wa sauti ulikuja, mapenzi yalikuwapo, lakini "twende" haikusemwa. Mpaka mwezi uliopita, alipotuma sauti fupi: "Sasa njoo uone. Ukiona panakufaa, baki. Usipoona, nitakuelewa." Na wiki hii bosi wake akamwita ofisini, akamwambia cheo cha msimamizi mkuu wa jengo zima ni chake akikitaka, jibu Jumatatu.

Leo ilikuwa Ijumaa.

*

Chumba namba nne kilikuwa cha pembeni, dirisha lake linatazama bahari moja kwa moja. Fundi aliufungua mlango, akasogea pembeni, akaweka mikono nyuma. Alionekana kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

"Karibuni. Mama atakuwa cha tano, hapo jirani. Hiki..." alikohoa, "hiki nilikiandaa..."

"Fundi!" sauti iliita kutoka uani. "Pampu imezima tena!"

"Nakuja!" Alimtazama Dada Shuka mara moja, mtazamo wa haraka uliojaa kitu ambacho hakupata muda wa kukisema, akaondoka mbio.

Chumba kilinukia chokaa mpya na sabuni. Kulikuwa na kiti, meza ndogo, feni, na kitanda. Macho ya Dada Shuka yalikwenda kitandani kabla hajajua yanaenda. Shuka jeupe, safi, hakuna doa. Lakini pembe ya kushoto ilikuwa imekunjwa vizuri na ya kulia imetuna kama shavu la mwenye jino bovu. Foronya, mdomo wake ulielekezwa mlangoni, kosa ambalo kwa wanafunzi wake lilikuwa la siku ya kwanza. Blanketi limelala upande.

"Mwanangu," Mama alisema mlangoni, "hata begi hujatua."

Dada Shuka alikuwa amekwisha kuinua godoro. Mikono ilijua kazi yake. Alivuta, akakung'uta, shuka likapanda hewani likashuka taratibu kama pumzi, akakunja pembe ya kwanza kama bahasha, ya pili, ya tatu, ya nne, akapitisha kiganja juu mpaka likanyooka kama maji yaliyotulia. Alijikuta anaimba kwa pua.

Fundi alirudi na sinia la chai, suruali imelowa hadi magotini. Akasimama kizingitini.

"Umekitandua," alisema.

"Nimekitandika," alimjibu, akicheka. "Wewe, nani kakitandika hiki? Una mfanyakazi anahitaji kufundishwa. Pembe moja kaipatia, ya pili kaifunga kama furushi la kuhama nyumba! Mwambie aje kesho asubuhi nimwelekeze, sitamuuma."

Fundi aliweka sinia mezani polepole mno, kama linaweza kuvunjika kwa kelele.

"Nitamwambia," alisema.

Hakunywa nao chai.

*

Jikoni ndiko Dada Shuka alikopata ukweli, na alikwenda kuomba sukari tu.

Mpishi alikuwa mwanamke mpana mwenye kicheko cha karibu. Alimpokea kwa mikono miwili yenye unga. "Karibu, wifi, karibu! Nimekuona kwenye simu mpaka nimekuzoea. Haya niambie, kilikuwaje?"

"Nini?"

"Kitanda! Usinifiche. Wiki nzima hatujala raha humu ndani kwa sababu ya hicho kitanda."

Dada Shuka alishika ukingo wa meza. "Kitanda gani?"

"Cha namba nne, wifi. Si alikitandika mwenyewe? Kila asubuhi tangu Jumamosi. Anaweka simu juu ya mto, sauti yako inasema kunja hivi, vuta vile, yeye anavuta. Akimaliza anatandua, anaanza upya. Mimi nikamwambia, kaka, niachie nikusaidie, dakika mbili tu. Akanikatalia. Eti maisha yake yote huyo dada anawatandikia wengine, hajawahi kutandikiwa hata siku moja. Hiki hakiguswi na mtu." Mpishi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Wifi? Mbona umebadilika sura?"

Alizikumbuka zile jumbe za sauti. Jioni baada ya jioni Fundi alimuuliza: na foronya inaelekea wapi? Na pembe ya chini inakunjwa kabla au baada? Alidhani anauliza kwa ajili ya wafanyakazi. Alimjibu kwa urefu, hata akamkaripia: sikiliza vizuri, wewe, nisirudie.

Na ni kweli. Hakuna aliyewahi kumtandikia. Hata ndoa yake ya kwanza ilianza yeye akitandika na ikaisha yeye akikunja nguo zake mwenyewe.

Sukari aliisahau mezani.

*

Alimkuta Fundi nyuma ya jengo, kwenye kibanda cha pampu, amechuchumaa mbele ya injini iliyokuwa ikinguruma vizuri tu bila tatizo lolote. Anaifuta kwa kitambaa. Jua la alasiri lilipita kwenye matundu ya mbao likamchora mistari mgongoni.

"Ungeniambia," Dada Shuka alisema.

Hakugeuka. "Ningekwambia nini? 'Tafadhali lala kwenye kitanda kibaya, nimekitandika mimi'?"

"Nisingekigusa."

"Ungekigusa. Nakujua." Sasa aligeuka, na uso wake haukuwa na hasira, jambo lililomuumiza zaidi. "Sikiliza. Nimekaa hapa nikafikiri. Mama yako amesema kweli bila kusema kitu. Nina vyumba tisa na leo vitatu tu vina watu. Pampu inazima mara mbili kwa siku. Nagonga milango ya wageni saa kumi na mbili asubuhi kukagua bomba, ndiyo maana hawarudi, mpishi ndiye aliyeniambia. Kule wanakupa jengo zima. Ghorofa ishirini na mbili! Mimi siku saba zimenishinda kukupa kitanda kimoja. Rudi, Jumatatu kachukue cheo chako. Nitakuelewa."

"Utanielewa."

"Ndiyo."

"Wewe kuelewa kwako kumezidi!" Sauti ilimpanda. Ilimpanda mpaka ndege juu ya paa wakaruka. "Uliondoka ukasema 'naenda' kana kwamba unaenda dukani. Hukuniuliza. Miezi kumi na minne najiuliza nina kasoro gani, mwanamume huyu ananipenda kwa simu ila hataki niwe naye. Leo nimekuja, hata chai sijamaliza, umeshaniamulia nirudi. Ni lini mimi nitaulizwa katika mapenzi haya? Eh? Nijibu!"

Fundi alisimama. Kitambaa kilimwanguka.

"Ulidhani sikutaka uje?"

"Ningedhani nini kingine?"

Fundi alizungumza chini kabisa, akitazama mikono yake yenye mafuta.

"Fundi wa lifti akimaliza kutengeneza, anapanda yeye kwanza. Peke yake. Juu mpaka chini, mara tatu. Hamwingizi mtu ambaye... hamwingizi mtu humo kabla hajajua kama itamshika. Ndivyo tulivyofundishwa. Ikianguka, ianguke na wewe. Nilipofika hapa paa la vyumba vitano lilikuwa chini. Nililala kila chumba, kimoja kimoja, mvua ikininyeshea, mpaka nikajua kipi kinavuja wapi. Sikusema twende kwa sababu nilikuwa bado napanda peke yangu. Mwezi uliopita ndipo nilipoona panashika."

Dada Shuka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miezi kumi na minne. Na wakati wote huo jambo alilolihesabu kuwa ni dharau lilikuwa ndiyo heshima kubwa kuliko zote alizowahi kupewa.

"Mjinga wewe," alisema, machozi yakimshuka. "Si ungeeleza?"

"Nilidhani unajua. Umefanya kazi na mimi."

"Mimi nafanya kazi na mashuka! Ya lifti nitayajulia wapi?"

Akacheka katikati ya kilio, na yeye Fundi akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, akapiga magoti mbele ya ile ndoo. Alitaka kumfuta machozi, akaona mafuta viganjani, akabaki ameinua mikono hewani kama anayekamatwa na polisi. Ndivyo walivyokuwa mlango ulipofunikwa na kivuli.

Mama alikuwa amevua viatu. Alivishika kwa mkono mmoja, na mkono mwingine bado umeshika ule mkoba.

"Kelele zenu zinafika chumba cha tano," alisema. "Inuka, kijana. Wewe mwanangu, usiinuke, nasema na huyu."

Fundi aliinuka.

"Mimi si mtu wa vibao vyako wala pampu yako," Mama alianza. "Hoteli inaweza kuwa na vyumba tisa au tisini, hainihusu. Nitakwambia kinachoninyima usingizi. Huyu aliolewa mara ya kwanza mtaa wa tatu kutoka kwangu. Wa tatu! Nikipanda kibarazani naona bati lao. Na bado mwaka mzima alilia mle ndani sikujua. Alikuwa ananiletea mboga anacheka, anarudi analia. Sasa wewe unamleta huku. Ndege, basi, nchi ya watu. Niambie, na usinipambie. Huku akilia, mimi nitasikiaje?"

Pampu ilinguruma. Dada Shuka alimtazama mama yake kana kwamba hajawahi kumwona. Hawakuwahi kuuzungumza mwaka ule, hata mara moja. Alidhani mama alikuwa na hasira naye kwa kuachika. Kumbe alikuwa na hasira na masikio yake mwenyewe.

Dada Shuka aliomba Fundi asije akasema hatamliza kamwe, kwa sababu yule wa kwanza ndivyo alivyosema, tena kwa kiapo, na Mama alikuwepo.

"Nitakupigia mimi, Mama," Fundi alisema.

"Nini?"

"Akilia, nitakupigia simu mimi mwenyewe. Siku hiyo hiyo. Yeye atakuficha, namjua, atakwambia mafua. Mimi nitasema kalia, na kama ni mimi niliyemliza nitasema ni mimi, na kwa nini. Utanitukana, nitasikiliza."

"Ujishtaki mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Hata ukiwa na haki?"

Fundi alifikiri. "Nikiwa na haki nitapiga pia. Ila nitajitetea kidogo."

Pembe za mdomo wa Mama zilitetemeka, na Dada Shuka, aliyejua kila mkunjo na kila tabasamu la uso ule, akajua kuwa mama yake ameshindwa na anatafuta namna ya kutokubali.

"Basi ianzie leo," Mama alisema. "Huyo hapo analia. Jieleze."

Na Fundi akajieleza. Amesimama kwenye kibanda cha pampu, mikono michafu, akamsimulia mkwe mtarajiwa habari ya shuka, ya pembe iliyotuna, ya foronya, na ya moyo wake ulivyovunjika kwa kuona kitanda kimenyooka. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha.

"Miaka miwili iliyopita nililazwa," alisema. "Huyu alipokuja kunitazama, alinitoa kitandani na dripu mkononi ili anyooshe shuka. Nesi alimfukuza wodini. Sasa wewe unadhani amekudharau? Mtu asiyempenda hamgusii hata mto. Kazini anaonyesha kwa kidole tu, wanatandika wasichana wake."

Dada Shuka alijifuta uso kwa upindo wa gauni, akasimama. Nje, zaidi ya kibanda, alisikia bahari, na mpishi akigongesha vyombo, na mgeni mmoja akiuliza kwa nani aombe taulo. Alisikia mwili wake wote ukitaka kwenda kumjibu.

"Msimu wa wageni unaanza lini hapa?" aliuliza.

"Baada ya wiki sita," Fundi alisema. "Kwa nini?"

"Nipe wiki tano."

Fundi alimwangalia bila kuelewa, kisha akaanza kuelewa, na mwanga ulipanda usoni mwake kidogo kidogo, kama mtu anayeogopa kuamini hesabu yake.

"Wiki nne ni notisi ya kazi," alisema polepole. "Hiyo najua. Na ya tano?"

"Ya tano ni yangu," Mama alisema, akiwa tayari ameshika njia, viatu mkononi. "Siwezi kuoza binti kwa siku mbili kama naazimisha sufuria. Ndoa inafungwa nyumbani kwangu, na wewe unakuja na hao wazee wako, umevaa shati lililopigwa pasi pande zote." Alisimama, akageuka nusu. "Na mtafutieni yule mtu taulo. Anauliza mara ya tatu sasa, hamsikii?"